Shika Mkasi, Bibi Harusi

Mwongozo wa kutengeneza kadi za harusi nyumbani kwa unga wa ngano, kanga moja na shangazi mwenye kumbukumbu

Ukitaka kujua harusi yako ina watu wangapi, kaa chini uandike majina yao kwa mkono, bahasha moja baada ya nyingine. Ukifika ya arobaini, kiganja kinauma. Ukifika ya themanini, unamgeukia aliye karibu nawe na kuuliza: "Hivi huyu ni nani?" Swali hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Harusi zetu za siku hizi zinajaza ukumbi watu mia tatu, na pengine hakuna mtu nyumbani aliyewahi kuliuliza hata mara moja.

Mimi nililijua kwa uchungu. Dada yetu mkubwa alipoolewa, hapa Temeke, kamati ilichapa kazi: vikao kila Jumapili, ahadi zikasomwa, michango ikaingia kwa simu. Mhazini akaichukua orodha ya miamala kama ilivyo, akaipeleka kwa mchapaji, na kadi zikarudi zinang'aa, dhahabu pembeni. Sasa, nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mzee aliyewafundisha baiskeli watoto wa mtaa mzima, mimi nikiwemo. Mchango wake aliutuma kwa laini ya mjukuu wake. Kadi ikaja na jina la mjukuu. Kijana wa miaka kumi na tisa akawa "Bw.", na mzee hakuitwa. Hakulalamika hata kidogo. Siku ya harusi alikaa barazani kwake, magari yakapita yakipiga honi, akatupungia mkono.

Zamu ya mdogo wetu wa mwisho ilipofika nikasema: kadi tunatengeneza sisi wenyewe. Tulitengeneza 200, na zilitosha. Haya hapa ndiyo tuliyoyafanya, pamoja na yale ambayo ningependa mtu angeniambia mapema.

Vifaa (kwa kadi 200)

Karatasi ngumu za A4, 110. Mia moja ni za kazi, kumi ni za kukosea, na mtakosea. Dukani omba za gramu 250. Karatasi ya kawaida ya fotokopi ni gramu 80. Ukiikunja na kuisimamisha mezani inalala kama mgonjwa. Ukienda Kariakoo kwenye maduka ya jumla, nunua pakiti na mgawane na bibi harusi mwingine.

Bahasha 210 za saizi ya C6, yaani milimita 114 kwa 162. Za kaki zinapendeza kuliko nyeupe, na hazionyeshi alama za vidole.

Kanga kipande kimoja. Unga wa ngano robo kilo. Mafuta ya karafuu, kichupa kidogo. Rula ya chuma, kisu cha kukatia karatasi, ubao, penseli, kifutio, kijiko cha supu, kalamu mbili zilizokwisha wino na kalamu nne zenye wino mweusi. Ndoo safi yenye mfuniko.

Na watu. Mmoja mwenye mwandiko unaosomeka. Mmoja anayeujua ukoo mpaka kwenye mizizi. Mara nyingi huyu ni shangazi. Watoto wawili wa kukunja. Na mmoja wa kukaa karibu na meza, kazi yake ni moja tu: kuhakikisha hakuna kikombe cha chai kinachoisogelea. Huyo msimdharau. Sisi kazi hiyo tulimpa binamu yangu, na kadi zote 200 zilimaliza safari bila doa.

Muda: kadi moja, ukijumlisha kukata, kukunja, kubandika na kuandika, ilituchukua kama dakika kumi na mbili. Kwa kadi 200 hiyo ni saa arobaini. Mkiwa sita, kila mmoja ana saa saba hivi, na mnaweza kuzigawa kwa Jumamosi mbili. Saa saba kwa ajili ya ndugu yako anayeoa ni muda mchache mno. Kuna vikao vya kamati vinavyokula zaidi ya hapo kujadili rangi ya vitambaa vya meza.

Hatua ya kwanza: Isome orodha kwa sauti

Mhazini atakuletea orodha ya waliochanga. Ipokee kwa shukrani, maana kazi ya mhazini ni ngumu na haina asante. Kisha kaeni wote usiku mmoja, mtu mmoja aisome jina kwa jina kwa sauti, na wengine wajibu: tunamwitaje huyu?

Majina ya kwenye simu ni ya kwenye kitambulisho. Mtaani watu wana majina mengine. Mama Neema umemjua miaka ishirini, umekula kwake, amekuchapa ulipovunja kioo chake, lakini muamala ukija na majina yake matatu unadhani ni mtu wa benki. Kuna fundi aliyetuma kwa laini ya mke wake, na mke aliyetuma kwa laini ya duka. Yuko pia baba mdogo aliyeko Mwanza, ambaye hela yake ilitumwa na wakala. Shangazi anayewajua wote thamani yake inaonekana hapa.

Chukua daftari uchore safu nne: jina la kwenye simu, jina tunalomwitia, anakaa wapi, na ya nne, kwa maneno machache tu, kwa nini tunamtaka aje. Safu ya nne ndiyo iliyotuweka macho mpaka saa saba usiku. "Alimuuguza bibi." "Alitupa kiwanja tulipofiwa." "Walisoma pamoja Mbeya." "Anauza genge, alitukopesha mwaka ule." Mdogo wetu, bwana harusi mwenyewe, aliyasikia mengine kwa mara ya kwanza usiku ule. Hakujua kuwa mama wa genge alitulisha miezi miwili.

Na hapa nina neno la kusema. Mchango ni mila njema. Bila mchango, vijana wengi wangeoana kimyakimya na deni juu. Lakini tumefika mahali ambapo asiyechanga hapewi kadi, na mwaliko umekuwa risiti. Mtu anapokea kadi anaitazama kama anavyotazama karatasi ya kutoka sokoni: nimelipa, nimepewa. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, tenga kadi 20 kati ya 200 kwa watu wasio na uwezo wa kuchanga ambao safu yao ya nne imejaa. Kamati ikinung'unika, soma safu ya nne kwa sauti. Kwetu, kamati ilinyamaza ilipofika kwa mama wa genge.

Hatua ya pili: Usiguse wino kabla tarehe haijakaa

Wino haufutiki. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inawataka wanaotarajia kuoana watoe taarifa kwa msajili au mfungishaji ndoa angalau siku 21 kabla ya siku yenyewe. Kanisani, matangazo ya ndoa kwa kawaida husomwa Jumapili tatu. Msikitini, zungumza na imamu na mawalii mapema. Ukumbi nao una daftari lake. Sehemu hizo zote zikishakubali siku moja, ndipo unashika kalamu.

Andika siku pamoja na tarehe, kisha uzilinganishe kwenye kalenda. Kwa mfano tarehe 12 Desemba 2026 ni Jumamosi. Ukiandika "Jumapili, 12 Desemba 2026", nusu ya wageni watafuata siku, nusu watafuata tarehe, na pilau italiwa na nusu moja.

Saa ndiyo yenye balaa kubwa zaidi. Sisi tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, na mchapaji wako ana muundo wa Kiingereza kwenye kompyuta yake. Nimewahi kuona kadi ya Kiswahili yenye maneno "saa 6:30 jioni". Saa sita na nusu kwetu ni mchana au usiku, jioni haimo. Andika "saa 12:30 jioni", na neno jioni usiliache, kwa kuwa saa 12:30 iko na asubuhi pia. Kwa harusi za Pwani, njia ya wazee bado haina mpinzani: "baada ya swala ya Alasiri", "baada ya swala ya Isha". Hapo hakuna anayekosea, kila mtu anasikia adhana.

Na andika saa ya kweli. Tumezoea kuandika saa 12 tukijua bibi harusi ataingia saa 3 usiku. Mgeni aliyetoka Mbagala na mtoto mgongoni akafika saa 12 kamili kwa sababu kadi ilimwambia hivyo, ni mgeni aliyekuamini.

Hatua ya tatu: Maneno yawe ya kwenu

Kadi nyingi zinasema "Familia ya Bw. na Bi. Fulani wanayo furaha…" Familia ni moja, kwa hiyo inayo furaha. Lakini hata ukilinyoosha hilo, sentensi inabaki imevaa tai. Nani nyumbani kwenu anajiita familia akiwa anabisha hodi? Sisi tuliandika hivi:

*Sisi, Baba na Mama (majina), tunakualika wewe*
*…………………………………………*
*kwenye harusi ya mtoto wetu (jina) na mchumba wake (jina). Ndoa itafungwa Jumamosi, tarehe (…), saa 9:00 alasiri, (mahali). Baada ya hapo tutakula pamoja, (ukumbi), kuanzia saa 12:30 jioni. Kadi hii ni ya watu wawili. Ukipata dharura, tupigie: (namba ya mtu atakayepokea).*

Hiyo namba iwe ya mtu atakayepokea kweli. Bwana harusi wiki hiyo hapokei simu ya mtu.

Baada ya kuandika, mpe mwalimu aisome. Kila mtaa una mwalimu. Kalamu zetu huteleza palepale ndimi zetu zinapoteleza: "kuhudhulia" badala ya kuhudhuria, "alusi" badala ya harusi au arusi. Kosa moja kwenye nakala ya kwanza ni makosa 200 kwenye meza.

Maneno haya huna haja ya kuyaandika mara 200. Yaandike mara moja kwa mwandiko safi, wino mweusi, kwenye karatasi nyeupe. Peleka stationari, omba fotokopi kwenye karatasi ya kawaida, nakala nne kwa kila A4. Kwa kadi 200 ni karatasi 50. Zikate vipande, punguza nusu sentimita kila upande, na hivyo ndivyo vya kubandika ndani ya kadi. Mwandiko unabaki wa nyumbani kwenu, na mkono unabaki na nguvu ya kuandika majina. Jina halipigwi fotokopi.

Hatua ya nne: Kata mara moja, kunja mara moja

A4 ina milimita 210 kwa 297. Ikate katikati ya ule upande mrefu, upate vipande viwili. Kila kipande kikikunjwa katikati kinakuwa kadi ya milimita 105 kwa 148, nayo inaingia kwenye bahasha ya C6 bila kugombana.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kadi ya nyumbani inapozidiwa na ya dukani au inapoizidi. Karatasi ina nyuzi. Zinaelekea upande mmoja, kama nyuzi za ubao. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unanyooka. Ukikunja kukatisha nyuzi, mkunjo unapasuka na kuonyesha nyama nyeupe ya ndani. Kupima ni rahisi: ishike karatasi, ipinde polepole bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Upande unaokubali bila ubishi ndio wa kufuata. Karatasi nyingi za A4 zina nyuzi za kwenda na urefu, na mkato nilioueleza unauleta mkunjo wako sawasawa nazo. Lakini pima moja kabla hujakata 110.

Karatasi ngumu haikunjwi kwa vidole tu. Weka rula ya chuma katikati, chukua kalamu iliyokwisha wino, uipitishe kando ya rula mara moja kwa nguvu ya wastani. Kwenye karatasi itabaki njia, kama ile ya baiskeli kwenye mchanga wenye unyevu. Geuza, kunja kufuata njia hiyo, kisha pitisha mgongo wa kijiko cha supu kutoka juu mpaka chini. Utasikia mlio mdogo wa karatasi kukubali. Watoto wanaipenda sana kazi hii. Mpwa wangu wa miaka tisa alikunja 60 kwa asubuhi moja, na ya sitini ilikuwa nzuri kuliko yangu ya kwanza.

Kisu kiwe kikali. Kisu butu kinavuta karatasi na kuacha manyoya. Na kisu ni cha mtu mzima, watoto wabaki na kijiko.

Hatua ya tano: Gundi ya jikoni na kanga ya mama

Gundi ya dukani ni nzuri, lakini ile ya maji mengi hukunjamanisha karatasi nyembamba, na kadi 200 zinakunywa chupa nyingi. Gundi ya unga inatosha. Sehemu moja ya unga wa ngano kwa sehemu nne za maji. Koroga kwanza na maji ya baridi mpaka madonge yaishe, ndipo uweke kwenye moto mdogo, ukikoroga bila kuacha. Itakuwa nzito, kisha itaanza kung'aa kama uji wa mtoto. Epua, chuja, acha ipoe. Matone mawili matatu ya mafuta ya karafuu yanasaidia isichache haraka, na nyumba inanukia Pemba. Hata hivyo, kwa joto la Dar, pika ya kutosha siku moja tu.

Ipake kwa brashi, nyembamba kama siagi ya mtu mwenye watoto wengi. Bandika, panguza kwa kitambaa kikavu kutoka katikati kwenda pembeni, kisha panga kadi zako kumi kumi chini ya ubao na matofali mawili mpaka asubuhi. Ukiruka hatua ya matofali, unyevu wa Pwani utazikunja kama majani ya mgomba. Zikishakauka, zihifadhi kwenye ile ndoo yenye mfuniko. Gundi ya unga ni chakula, na mende hawahitaji kadi ya mwaliko.

Sasa pambo. Utepe wa dhahabu upo kila mahali, lakini kanga ni yetu. Kipande kimoja cha kanga kina kama sentimita 150 kwa 110. Ukikikata vipande vya sentimita 3 kwa 15 unapata zaidi ya 300. Hiyo ni harusi nzima kutoka kwenye kanga moja. Kabla ya kukata, ipake gundi yako iliyoongezwa maji, ianike, ipige pasi. Itasimama kama karatasi na haitachanika nyuzi. Kila kadi ipate kipande kimoja, kibandikwe wima kando ya mkunjo. Hakuna kadi mbili zitakazofanana: moja itapata ua, nyingine pindo jeusi, nyingine kona ya korosho.

Kuhusu kanga, mambo mawili, na yote nayasema kwa dhati. Kwanza, soma jina lake kabla hujainunua. Kanga inasema, na nyingine zilitungwa za kumsema jirani. Mtaa wa Uhuru, pale Kariakoo, zimejaa za heri na za shari zimetundikwa bega kwa bega. Chukua ya heri. Pili, jina usilikate. Lile jina lililoandikwa chini ya mji wa kanga, litoe zima, libandike kwenye kadi moja kubwa, uwape mama mzazi wa bibi harusi na mama mzazi wa bwana harusi wamalizane nani akae nalo. Kwetu lilikwenda kwa mama mkwe, kwa makubaliano kuwa mtoto wa kwanza atalirithi.

Hatua ya sita: Jina

Hii ndiyo kadi yenyewe. Yaliyotangulia ni karatasi tu.

Fanya asubuhi, mikono ikiwa imepumzika na haina jasho. Piga mstari mwepesi wa penseli. Weka karatasi safi chini ya kiganja ili jasho lisiguse kadi. Fungua lile daftari la safu nne, soma jina, soma safu ya nne, kisha andika. Usiandike ukizungumza. Wino ukikauka, futa penseli.

Andika jina ambalo mwenyewe akilisikia atageuka. "Mama Neema na Baba Neema" ni mwaliko kamili, na wenyewe watajua umewaandikia wewe, siyo mashine. Mwalimu aliyekufundisha aitwe Mwl. mpaka kufa kwake, hata kama alistaafu. Alhaji ameifuata hija yake mbali, usimwite Bw. Mchungaji, Daktari, Mheshimiwa: uliza, usikisie. Na bibi yako mzaa mama, jamani, usimwandikie "Bi." Mwandikie "Bibi yetu". Wetu alisomewa kadi yake mara tatu siku aliyoipokea, na kila mara alitaka msomaji arudie pale juu.

Kama ni kadi ya watu wawili, dabo kama tunavyosema, na mnawajua wote wawili, andika majina yote mawili. Mke asiitwe "na mwenzi wake" na watu aliowasonga nywele.

Kwenye kona ya nyuma, kwa penseli, andika namba ya kadi, na namba hiyohiyo kwenye daftari. Mlangoni mtaihitaji.

Tulipofika namba 37, kalamu nilishika mimi. Niliandika jina la yule mzee wa nyumba ya tatu, jina lake lote, na mbele yake nikaandika "Mzee wetu". Safu ya nne ilisema: baiskeli.

Hatua ya saba: Miguu

Kadi ya mkono inapelekwa kwa mkono. Wazee wetu wa Pwani, Zanzibar, Lamu na Mombasa, walialika kwa mdomo, wakipita nyumba kwa nyumba, na mtu aliyesahauliwa alikuwa na haki ya kukasirika kwa sababu mlango wake ulionekana. Kadi ilipokuja ilipaswa kuusaidia mguu. Haikuja kuupumzisha.

Anza wiki tatu kabla, na anza na wazee. Kaa. Kunywa maji ukipewa. Toa kadi kwa mikono miwili, sema mwenyewe kilichomo ndani, maana wengine macho hayaoni na hawatakuambia. Kwa siku moja, nyumba kumi ni nyingi. Gawaneni kwa mitaa.

Walioko mikoani, wapelekee kwa basi kupitia mtu anayefahamika, na upige simu kadi ikiondoka na ikifika. Walioko Maskati au London, piga picha kadi yao wenyewe, yenye jina lao kwa mkono wenu, uwatumie. Ile kadi halisi iwekeni kwenye ndoo. Wakija likizo wataikuta.

Hatua ya nane: Mlangoni, kata kona

Kuna desturi ukumbini ya kumnyang'anya mgeni kadi anapoingia, isije ikatoka nje kupitia dirishani na kumwingiza mwingine. Hofu hiyo ni ya kweli, na vyakula vina hesabu. Lakini usinyang'anye kitu ambacho mtu alipewa kwa mikono miwili. Wape vijana wa mlangoni daftari na mkasi. Mgeni akifika, wanatazama namba, wanatia alama, wanakata kona moja ndogo ya kadi, wanairudisha na kusema karibu. Kadi iliyokatwa kona haiingii mara ya pili. Mgeni anabaki na kadi yake.

Jioni ile nilisimama karibu na mlango kwa sababu nilitaka kuona. Mzee alikuja amevaa koti lake la Idi, kadi ameifunga kwenye mfuko wa nailoni isilowe. Kijana wa mlangoni alipoinyoosha mikono kuichukua, mzee aliishika kwa nguvu kidogo, na kijana akamwonyesha mkasi, akamweleza. Mzee akaigeuza mwenyewe, akachagua kona isiyo na kanga, akasema, "Hapa, mwanangu. Kata hapa."

Mwezi uliopita nilipita kwake kumjulia hali. Kadi imesimama ndani ya kabati la vyombo, kati ya birika na vikombe vya wageni, imefunguliwa upande wa jina. Imepinda kidogo kwa unyevu, pamoja na matofali yetu yote. Mkunjo haujapasuka.